Waya Uliobadilisha Rangi

Mimi ni fundi waya, na katika kazi zetu hakuna inayodharauliwa kama kumfungia mtu takomita, ile geji ya kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Nyingi nilizofunga zina waya nne. Mwekundu huchukua moto wa swichi, mweusi huenda kwenye bodi, mweupe ni wa taa ya usiku. Hizo tatu hata mtoto wa gereji atazifunga. Wa nne, mara nyingi wa kijani, ndio unaotaka habari kutoka kwenye injini yenyewe, na huo ndio ulionifunza historia ya barabara yetu kutoka Garissa kupitia Bura na Masalani hadi Hulugho. Kila kizazi cha magari yaliyopita huku kilificha habari hiyo mahali tofauti.

Yaliyotangulia ni Land Rover, na waliozipanda mara nyingi ni askari. Tangu sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934, mtu wa Kaskazini alitembea kwa kibali, na vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 vikakaza kamba zaidi. Sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo wazee wa hapa ukiwatajia Land Rover, kwanza wanamwona askari, halafu ndipo wanakumbuka gari. Mimi naukumbuka waya mweupe.

Umeme wa gari hilo ulikuwa wa Lucas, na Lucas walikuwa na adabu. Waya wa kahawia umetoka kwenye betri bila kupita popote. Mweupe umetoka kwenye swichi ya kuwasha. Wa kijani umeshapitia fyuzi. Mweupe wenye mstari mweusi unatoka kwenye koili kwenda kwenye distribyuta, na huo ndio takomita inaoutaka. Kwenye koili za zamani kabisa hukuti alama za kujumlisha na kutoa. Unakuta SW upande wa swichi na CB upande wa pointi.

Ukiwa na shaka, chukua balbu ndogo yenye waya mbili. Mmoja ushike kwenye bodi, wa pili gusa koili, mwambie mwenzako awashe swichi. Upande wa swichi balbu inawaka na kubaki inawaka. Upande wa pointi inapepesa injini inapozungushwa: pointi zikiachana inawaka, zikikutana inazima. Injini ya silinda 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kuna cheche 6,000, na geji haifanyi zaidi ya kuzihesabu na kugawanya. Ndiyo maana nyuma yake kuna swichi ndogo ya 4, 6 na 8. Ukiisahau kwenye 8, mwenye gari atadhani injini yake imechoka.

Mzee aliyenifundisha Garissa, ambaye sote tulimwita Adeer, hakuruhusu mtu afunge geji kabla ya kutazama betri. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zilifunga chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Geji ya kisasa ukiifunga humo kwa mazoea, inakufa kabla hujarudisha spana mfukoni. Tena zilikuwepo geji ambazo umeme wa koili ulipita ndani yake kwanza. Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lilikuwa hivyo: geji ikikatika waya ndani, gari linasimama. Sijui ni mhandisi gani alipenda wazo hilo, lakini hakuwa amelala porini Boni.

Kisha ukaja mwaka 1991. Serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakavuka mpaka, kambi za Dadaab zikaanzishwa, na mashirika yakaja na Land Cruiser nyeupe za dizeli. Baadaye watu binafsi nao wakazipata. Kwetu mafundi waya hapo elimu yote ya koili ikawa haina kazi, kwa kuwa dizeli haina plagi za cheche, haina pointi, haina koili. Hewa inabanwa hadi mafuta yanawaka yenyewe.

Dereva mmoja aliniletea geji ya petroli. "Abti, nifungie, nataka kuona injini inavuta vipi kwenye tope." Na ombi lake lilikuwa la maana, maana mvua za masika zikianguka kwenye udongo mweusi wa Ijara, dereva anayepoteza mizunguko katikati ya dimbwi analala hapo hapo.

"Waya wa ignisheni uko wapi?" akauliza.

"Hili halina, abti. Tutamuuliza altaneta."

Nyuma ya altaneta nyingi kuna kituo chenye herufi W, au mahali pa kukiongeza. Altaneta ya ncha 12 hupiga mara 6 kila inapozunguka, lakini puli yake ni ndogo kuliko ya injini, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi. Basi unahitaji geji ya dizeli yenye skrubu ya kurekebisha. Nabandika karatasi inayong'aa kwenye puli ya injini, naipima kwa kipimo cha mwanga, halafu nageuza skrubu hadi geji ikubaliane nacho. Ya petroli nilimrudishia dereva akaibadilishe. Lori la Isuzu la volti 24 ni hesabu nyingine tena, na geji ya volti 12 haipaswi hata kulikaribia.

Kuhusu rangi, siku hizi siziamini. Gari likishakaa huku miaka, kila lilipoungua waya limetiwa uliopatikana dukani, mara nyingi wa umeme wa nyumba. Nimeona waya wa kijani na njano, ambao ndani ya nyumba ni wa ardhi, ukibeba moto wa swichi. Kijana anayetegemea picha ya rangi za kiwandani ataunguza gari la watu.

Kisha ikaja Toyota Probox, iliyotoka Japani mwaka 2002. Hii ina koili juu ya kila plagi, na kila koili ina waya nne. Mbili kati ya hizo zinaongea na kompyuta, na ile balbu ndogo ya kupimia ikigusa hapo inaweza kuigharimu familia mbuzi kadhaa. Tumia mita. Kwenye Toyota nyingi mpigo wa mizunguko unapatikana kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, tundu namba 9, bila kuchuna waya wowote.

Sasa wanakuja vijana wa bodaboda na geji za magari. Pikipiki ya silinda moja kwa kawaida hutoa cheche 1 kwa mzunguko, na geji kwenye 4 inangoja 2, kwa hiyo inaonyesha nusu. Nilimweleza mmoja hivyo. Akasema haina neno, yeye anataka taa yake ya bluu tu.