Mvua ya Mawe na Mawe ya Mvua: Historia Fupi ya Upandaji wa Mawingu katika Afrika Mashariki

Katika Kiswahili, kupindua maneno mawili kunatosha kubadili uhusiano wa binadamu na mbingu. Mvua ya mawe ni balaa linaloangamiza mazao. Mawe ya mvua ni amana ya watawala wa mvua, kama yale yaliyotunzwa na watemi wa Ugogo. Historia ya upandaji wa mawingu imesimama baina ya misemo hiyo miwili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lililowakabili wataalamu wa hali ya hewa ni lile lile walilokuwa wakiulizwa waganga wa mvua: ni nini kinachothibitisha kwamba mvua iliyonyesha imetokana na kazi yao?

Chimbuko la ufundi huu ni Marekani. Tarehe 13 Novemba 1946, Vincent Schaefer wa maabara ya General Electric alimwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege juu ya wingu karibu na mlima Greylock, na theluji ikaonekana ikidondoka. Mwezi huo huo mwenzake, Bernard Vonnegut, aligundua kwamba iodidi ya fedha hufanya kazi hiyo hiyo. Mawingu ya baridi huwa na matone yaliyopoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa kukosa kiini cha kushikamana nacho. Fuwele ya iodidi ya fedha hukaribiana kwa umbo na ile ya barafu. Kwa hiyo maji huganda juu yake, fuwele hukua, kisha huanguka.

Habari hizo hazikukawia kufika Afrika Mashariki. D. A. Davies, mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1951 taarifa ya majaribio ya kuchochea mvua. Kati ya Januari na Aprili 1952, yeye na wenzake waliendesha majaribio mengine huko Kongwa, Tanganyika. Mahali penyewe pana maana. Kongwa ilikuwa makao ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioachwa mwaka 1951, na ukame ulikuwa miongoni mwa sababu za kushindwa kwake. Aidha, Kongwa imo Ugogo. Hivyo basi, wataalamu walikwenda kutafuta mvua katika nchi yenye mawe ya mvua.

Huko Kericho na Nandi, nchini Kenya, haja ilikuwa kinyume. Ukanda huo wa chai hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika miaka ya 1960 zilijaribiwa roketi za kulipuka, na H. W. Sansom aliandika juu yake mwaka 1966. Baadaye zilitumika ndege zilizopeleka iodidi ya fedha mawinguni. Nadharia ilikuwa kwamba viini vikiwa vingi vitagawana maji yaliyopo, na mawe yatakuwa madogo, hata kuyeyuka kabla ya kufika chini. Mbegu inayotumiwa kuongeza theluji milimani, hapa ilitumiwa kupunguza mawe.

Hata hivyo, mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabaki ya majani ya chai ya Kenya yenyewe ni chanzo cha viini vya barafu. Walidokeza kwamba vumbi linalotimuliwa na nyayo za wachumaji huenda hupanda hadi mawinguni. Ikiwa ndivyo, shamba lenyewe lilikuwa limekwisha kupanda mawingu kabla ya ndege kuruka.

Ushahidi wa ufundi huu ulikuwa mgumu kupatikana kwa sababu moja: wingu lililotiwa mbegu haliwezi kurudishwa na kuachwa bila mbegu ili matokeo yalinganishwe. Ilikuwa mwaka 2017, katika milima ya Idaho, Marekani, ambapo rada zilionyesha mistari ya theluji ikifuata njia ya ndege iliyotoa iodidi ya fedha. Mawingu hayo ya kipupwe yalikuwa tulivu. Mawingu ya radi ya Kericho hayakuwa na utulivu huo, na ushahidi wa Idaho hauwezi kuhamishiwa huko.

Istilahi nayo yahitaji uangalifu. Kitenzi «kupanda» kina maana ya kukwea na ya kutia mbegu. «Kutia mbegu mawinguni» huondoa utata huo. Lakini hata mbegu ni ahadi ya mavuno. Mkulima wa chai au maharagwe katika Kivu, ambaye mvua ya mawe ya nusu saa yaweza kumnyang'anya msimu mzima, anastahili kuelezwa waziwazi kipi kimethibitishwa na kipi kingali matumaini. Mganga wa mvua aliwajibika mbele ya wanakijiji wake mvua ilipokosa kunyesha. Mtaalamu naye hana budi kuwajibika vivyo hivyo.