Tauni na Kamba ya San Francisco



Wapendwa waamini, mwaka 2020, korona ilipoenea, watu wenye asili ya Asia walitukanwa na hata kupigwa katika miji ya Marekani. Haikuwa mara ya kwanza, na juma hili tunarudi nyuma hadi San Francisco ya mwaka 1900.

Jumanne, Machi 6, juma la kwanza la Kwaresima, maiti ya Mchina mmoja ilikutwa katika chumba cha chini cha hoteli, ikiwa na dalili za tauni. Uchunguzi haujakamilika, tayari polisi walikuwa wameuzungushia kamba Mtaa wa Wachina. Wazungu waliokuwamo wakaruhusiwa kutoka.

Karantini hiyo ilidumu siku chache. Iliporudishwa mwishoni mwa Mei, kamba ilipindishwa ili kuyaacha nje majengo ya Wazungu, utadhani viroboto hubisha hodi na kuuliza mwenye nyumba ni nani!

Wachina hawakukaa kimya. Kwa msaada wa muungano wa jumuiya zao, Six Companies, walitafuta mawakili. Wong Wai alishinda shauri dhidi ya amri iliyowakataza Wachina kutoka mjini bila kuchanjwa. Kisha Jew Ho, mwenye duka la vyakula, akapinga karantini yenyewe. Mnamo Juni 15 Jaji William Morrow alimpa haki: kuwafungia pamoja maelfu ya wagonjwa na wazima, alisema, ni kuuongezea ugonjwa nafasi, tena amri ile iliwaandama Wachina peke yao.

Lakini tusijidanganye: tauni ilikuwamo kweli. Gavana Henry Gage aliikana, akihofia biashara ya jimbo. Nao baadhi ya Wachina walificha wagonjwa na maiti. Tusiharakishe kuwalaumu. Januari ya mwaka huohuo, huko Honolulu, moto uliowashwa na maofisa wa afya ili kuteketeza nyumba zenye tauni uliwashinda nguvu, ukaunguza mtaa wa Wachina na kuwaacha maelfu bila makazi. Baada ya hayo, nani angemkabidhi mzazi wake mgonjwa kwa maofisa wa afya?

Mwaka 1907 tauni ilirudi San Francisco. Safari hii wagonjwa wengi walikuwa Wazungu. Daktari Rupert Blue na watu wake hawakuizungushia kamba mitaa yao, walisaka panya.