Hasibu na Mwalimu Wake

Mwaka 1870 kilichapishwa mjini London kitabu cha hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mkusanyaji wake alikuwa Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, na ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Miongoni mwa hadithi hizo imo ile ya Hasibu Karim ad-Din na Mfalme wa Nyoka. Wengi wetu tufundishao Kiswahili mbali na pwani tumeisoma, na wengine tumeisimulia darasani. Yafaa tuitazame tena, kwani ndani yake mna swali linalotuhusu sisi walimu.

Hasibu alikuwa mtoto wa tabibu mwenye elimu kubwa, lakini baba alikufa asimrithishe elimu yake. Mamaye alimtia katika kazi hii na hii, zote zikamshinda. Mwishowe akawa mkata kuni. Siku moja yeye na wenzake wakavumbua shimo lenye asali. Yeye ndiye aliyeteremka kuichota. Ilipokwisha, wenzake wakamwacha humo, wakaenda kumwambia mamaye kuwa ameliwa na mnyama.

Akiwa peke yake gizani, Hasibu alimwona nge. Akajiuliza alikotokea, akatafuta ufa, akaupanua kwa kisu, akatokea katika nchi ya Mfalme wa Nyoka. Basi kijana aliyetupwa na binadamu akapokewa na kiumbe asiye binadamu, akalishwa na kustahiwa kama mgeni.

Hadithi hii haikuzaliwa Unguja. Imo katika Alfu Lela Ulela, toleo la Kiarabu lililopigwa chapa Bulaq, nchini Misri, mwaka 1835. Na huko mtawala wa nyoka ni malkia. Katika masimulizi ya Unguja amekuwa mfalme. Hatuna sababu ya kustaajabu. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni yalifika pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na watu wasafiripo husafiri na hekaya zao. Mpokeaji naye hakosi kukishona upya kile alichopewa, kimkae mwilini.

Hasibu alipotamani kurudi kwao, Mfalme alimwonya asioge hamamuni mbele za watu. Akaahidi, lakini siku moja akaoga, na mwili wake ukamfichua. Sultani wa mji alikuwa mgonjwa, na dawa yake ilikuwa nyama ya Mfalme wa Nyoka. Waziri akaamuru Hasibu apigwe mpaka aonyeshe njia.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Mfalme, akijua kwamba anakwenda kuchinjwa, hakumlaani kijana, bali alimpa somo la mwisho: nyama itakapochemshwa, mchuzi wa kwanza asiunywe, wa pili aunywe. Waziri akanywa ule wa kwanza, akafa. Hasibu akanywa wa pili, akapata hekima ya utabibu. Sultani naye akapona. Elimu ambayo baba hakuwahi kumpa mwanawe, alipewa na kiumbe aliyesalitiwa naye.

Darasani tumezoea kuuliza: je, Hasibu hakuwa msaliti? Wanafunzi hujibu upesi, wakataja methali ya punda na mateke yake, na kipindi kikaisha. Swali hilo si baya, ila ni jepesi mno. Tuwaulize pia ni nani waliomwacha shimoni, ni nani aliyeshika fimbo, na kwa nini mwalimu hakumnyima mwanafunzi somo hata alipokwisha kukosewa.

Kisha tujiulize wenyewe. Katika kila darasa yumo Hasibu mmoja, ambaye kila kazi imemshinda na wenzake wamemtupa. Hadithi haituahidi kwamba atatushukuru. Yasema tu kwamba aliyemfundisha alimfanya tabibu, na mji mzima ukafaidika.