Ufunguo, usukani na betri inayokufa njiani

Leo tuweke programu kando kidogo, tufungue boneti.

Kule Marekani kuna watu, wengi wao wastaafu, wanaozunguka nchi kwa gari-nyumba: gari kubwa kama basi, lenye kitanda, jiko na choo. Dude kama hilo halifai kwendea sokoni, kwa hivyo nyuma yake wanafunga gari dogo, magurudumu yote manne yakiwa chini. Jioni wakifika kambini wanalifungua, wanageuza ufunguo... kimya. Betri imekufa! Taa za mbele zilizimwa, redio ilizimwa, injini haikuwashwa kutwa nzima. Sasa umeme umeenda wapi?

Jibu liko kwenye historia. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Magari ya kwanza hata hivyo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na hendeli hiyo iliweza kurudi nyuma ikamvunja mtu mkono. Mwaka 1912 Cadillac ikaleta stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake wa Dayton, Ohio. Betri inasukuma injini kwa sekunde chache, kisha injini ikiwaka inairudishia umeme wake. Mpango wote umejengwa juu ya dhana moja: gari likitembea, injini inawaka. Shika hapo.

Miaka ya 1960 wizi wa magari ulizidi Marekani. Serikali ikaweka kanuni: kuanzia tarehe 1 Januari 1970, gari jipya likitolewa ufunguo lisiwake, na usukani wake au mwendo wake ufungwe. Watengenezaji wengi wakachagua kufuli la usukani. Wakati huo huo gari-nyumba zilikuwa zinaenea. Kampuni ya Winnebago ya Iowa ilikuwa imeanza kuziunda mwaka 1966. Unaona tatizo? Gari linalovutwa lazima magurudumu yake ya mbele yageuke kufuata kona. Usukani ukifungwa, tairi zinaburutwa. Basi mwenye gari analazimika kuacha ufunguo ndani, kwenye nafasi ya kwanza. Na nafasi hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye redio, soketi ya kiberiti na vinginevyo.

Halafu zikaja tarakilishi. Bosch ilitangaza mfumo wa CAN mwaka 1986, unaowezesha vifaa vya gari kuongea kwa waya mbili tu. Ufunguo ukitolewa, vifaa hivyo hulala. Ukiachwa ndani, baadhi hukaa macho. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: mchakato usiolala hula betri ya simu pia.

Tufanye hesabu. Tuseme vifaa vinakula ampea 3. Kwa saa 8 hizo ni ampea-saa 24, karibu nusu ya betri ya ampea-saa 50. Ongeza kifaa cha breki kinachokanyaga pedali ya gari dogo: kila kikikanyaga, taa za breki zinawaka. Balbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5 nyingine. Na hapa si suala la kuchelewa kwenda sokoni tu. Ikiwa kifaa hicho kinategemea betri hiyo hiyo, betri ikifa, breki ya gari dogo nayo imekwenda, na uko kwenye mteremko.

Namna ya kutafuta chanzo:

1. Chaji betri ijae, iache itulie saa kadhaa, upime. Volti 12.6 ni nzuri. Ipimwe pia chini ya mzigo, maana betri chovu husingizia wengine.

2. Weka ampea-mita kati ya nguzo hasi na waya wake. Usiwashe injini mita ikiwa hapo. Ufunguo ukiwa nje na milango imefungwa, ngoja hata nusu saa vifaa vilale. Magari mengi hushuka chini ya miliampea 50.

3. Sasa pima gari likiwa kama linavyovutwa: ufunguo nafasi ya kwanza, kifaa cha breki kimeunganishwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwizi wako.

4. Ng'oa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Fyuzi hiyo itakuonyesha njia ya umeme unaopotea.

Dawa? Soma kwanza kitabu cha gari. Baadhi vinataja fyuzi ya kutoa kabla ya kuvuta. Wengine huvuta waya wa chaji kutoka gari-nyumba. Sawa, lakini mkumbuke Georg Ohm na kanuni yake ya mwaka 1827: waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.5 ukibeba ampea 3 unapoteza volti 1.5. Volti 14 zinafika 12.5, na betri haichajiki. Tumia waya mnene wenye fyuzi, kisha pima volti kwenye betri ya nyuma, si ya mbele.

Kettering hakukosea, wala walioandika kanuni ya kufuli. Kila mmoja alitatua tatizo lake. Hitilafu ilijificha pale suluhisho mbili zilipokutana, na hapo ndipo mita inapaswa kuanzia.