Juzuu ya Kati: Asili ya Hadithi za Ajabu zenye Vitabu Vitatu

Katika ada za watunzi wa hadithi za ajabu hapana iliyoenea kuliko hii ya kuigawa hadithi moja katika vitabu vitatu, wala hapana kitabu kinachodhulumiwa katika hukumu za wasomaji kuliko kile cha pili, ambacho hakina heshima ya kufungua mlango wala fahari ya kuufunga. Wengi hudhani kuwa mgawanyo huo ni sharti la sanaa, lililowekwa na mabingwa wa kale kwa hekima yao. Lakini taarikhi yashuhudia kwamba asili yake ni gharama za uchapaji na hesabu za wauza vitabu wa Uingereza.

Mwaka 1821 riwaya ya Walter Scott iitwayo Kenilworth iliuzwa katika juzuu tatu kwa shilingi 31 na nusu, na bei hiyo ikawa kanuni kwa muda wa miaka sabini na zaidi. Kwa kuwa fedha hizo hazikuwa rahisi kwa mtu wa kipato cha wastani, watu waliazima vitabu badala ya kuvinunua, na aliyestawi kuliko wote katika biashara hiyo alikuwa Charles Edward Mudie wa London, aliyeanza kuazimisha mwaka 1842, na ambaye kwa ada ya shilingi 21 kwa mwaka alimruhusu mwanachama kuchukua juzuu moja kwa wakati mmoja. Faida yake yaonekana wazi: nakala moja ya riwaya iliwashughulisha wasomaji watatu kwa pamoja, mmoja akianza, wa pili akiwa katikati, wa tatu akimalizia. Watunzi nao, watake wasitake, walizirefusha hadithi zao ili zitimie juzuu tatu, na aghalabu ile ya kati ndiyo iliyobebeshwa maneno ya kujazia. Desturi hiyo ya juzuu tatu ilivunjika mwaka 1894, maktaba ya Mudie na ile ya W. H. Smith zilipotangaza kwamba hazitalipa zaidi ya shilingi 4 kwa juzuu.

Aliyeihuisha bila ya kukusudia ni J. R. R. Tolkien, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyebobea katika Kiingereza cha kale. Baada ya kitabu chake The Hobbit kupata sifa mwaka 1937, mchapishaji Stanley Unwin alimwomba hadithi nyingine juu ya viumbe wale wale wadogo waitwao hobbit, naye akaianza Desemba ya mwaka huo huo asijue ya kuwa itamshika hata mwaka 1949. Vita vikaingia, karatasi zikaadimika, akawa akiandika rasimu zake migongoni mwa karatasi za mitihani. Na mwaka 1944, alipofika kwenye safari ya Frodo, mbebaji wa Pete yenye nguvu za uovu, na mwenzake Sam kuielekea Mordor, nchi ya adui, alimpelekea sura baada ya sura mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini katika jeshi la anga la Uingereza. Hadithi hiyo, The Lord of the Rings, aliigawa katika mafungu sita, bali kwake ilikuwa kitabu kimoja, na kila watu walipoiita hadithi ya vitabu vitatu alikanusha.

Alitamani kuichapisha pamoja na The Silmarillion, mkusanyiko wa visa vyake vya kale, na kwa ajili hiyo akahitilafiana na wachapishaji hata mwaka 1952, aliporegeza msimamo. Hapo akatokea Rayner Unwin, mwana wa Stanley, ambaye alipokuwa mtoto wa miaka kumi aliwahi kulipwa shilingi moja na babake kwa kuisoma The Hobbit na kutoa rai yake. Rayner alipiga hesabu akaona kwamba kitabu kimoja cha kurasa zipatazo elfu kingekuwa na bei ya kuwatisha wanunuzi, ndipo alipoamua kitoke katika juzuu tatu, kila moja mafungu mawili, kwa shilingi 21, kima kile kile cha ada ya Mudie. Akamwandikia babake, aliyekuwa safarini Asia, kwamba huenda shirika likapata hasara ya pauni 1,000. Naye mzee akajibu kwamba maadamu mwanawe anaamini kuwa ni kazi ya kipaji kikuu, basi na apate hasara hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa The Two Towers, yaani Minara Miwili, iliyotoka tarehe 11 Novemba 1954. Mtunzi alipata taabu hata kuipa jina, kwa sababu nusu zake mbili hazikutani: katika nusu ya kwanza Aragorn na wenzake, waliotengana na Frodo, wanapigania nchi ya Rohan, na Frodo haonekani hata mara moja; katika nusu ya pili Frodo na Sam wanaelekea Mordor wakiongozwa na Gollum, kiumbe anayeitamani Pete, na habari za Rohan zimekatika kabisa. Kwa kanuni za ujenzi wa riwaya kitabu kama hicho kingestahili kuanguka. Lakini utengano huo ndio uliokipa nguvu, kwani walioshinda vita hawajui kama mbebaji wa Pete yu hai, naye mbebaji hajui kama amebakia mtu wa kumpigania.

Fauka ya hayo, ni katika juzuu hii Gollum, ambaye katika ile ya kwanza alikuwa kivuli kinachonyatia nyuma ya wasafiri, anapopewa nafsi kamili. Kwenye ngazi za Cirith Ungol, mpakani mwa Mordor, anarejea na kumkuta Frodo amelala, kichwa chake mapajani mwa Sam, na Sam naye amepitiwa na usingizi. Uso wake unalegea, ukali wa macho yake unazimika, anaonekana mzee aliyechoka na dunia, ananyoosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo kwa upole. Sam anazinduka, anamdhania mabaya, anamkaripia; na mlango wa toba uliokuwa umefunguka kwa dakika moja unafungwa. Tolkien aliandika baadaye katika barua kwamba kwake yeye huenda hiyo ndiyo saa ya msiba mkubwa kuliko zote katika hadithi nzima. Saa hiyo haimo mwanzoni wala mwishoni. Imo katikati, baada ya msomaji kuishi na Gollum kwa muda wa kutosha kumhurumia.

Juzuu yenyewe inakatika Frodo akiwa hai mikononi mwa adui, na Sam amefungiwa nje ya lango. Wasomaji wa wakati ule waliingoja juzuu ya tatu mpaka tarehe 20 Oktoba 1955, karibu mwaka mzima, kwa kuwa mtunzi alikawia kukamilisha nyongeza za mwisho. Na kama Shahrazadi alivyomweka mfalme macho kwa hadithi isiyokwisha alfajiri, ndivyo kuchelewa huko, ambako hakukupangwa na mtu, kulivyowafunga wasomaji kwa Tolkien.

Baada ya matoleo ya bei nafuu ya hadithi hiyo kuenea Marekani tangu mwaka 1965, wachapishaji walilifanya lile lililokuwa dharura kuwa kanuni, na watunzi wengi wakaipokea idadi hiyo ya vitabu vitatu pasipo kuwa na haja nayo. Waliofaulu ni wale waliokipa kitabu cha pili shughuli yake mwenyewe. Ursula K. Le Guin, katika The Tombs of Atuan ya mwaka 1971, alimweka kando mchawi Ged aliyekuwa shujaa wa kitabu cha kwanza, akaikabidhi hadithi kwa Tenar, binti aliyelelewa kuwa kuhani wa makaburi yenye giza, na Ged asionekane ila baadaye, tena kama mwizi. Philip Pullman naye mwaka 1997 aliianza The Subtle Knife kwa Will, mvulana wa ulimwengu huu wetu, ambaye hakutajwa kabisa katika kitabu kilichotangulia.

Kwa hiyo na tusikihukumu kitabu cha kati kwa kosa la kukosa mwanzo na mwisho, bali tukiulize kimeleta nini ambacho ndugu zake wawili wasingeweza kukileta. Na kijana wa Kiswahili anayekusudia kutunga hadithi ya ajabu asianze kwa kuhesabu juzuu: kama habari yake yatosha kitabu kimoja, na akiandike kimoja kilichokamilika, na kama yadai vitatu, basi cha pili akitungie jambo la kukipa haki ya kusomwa.