Visiwa vya Fungate: Historia ya Faragha katika Bahari ya Hindi

Wachumba wanaopanga kwenda fungate katika Bahari ya Hindi hulinganisha kwa kawaida visiwa vinne, yaani Zanzibar, Shelisheli, Morisi na Maldivi, na vipimo wanavyovitumia ni nauli ya ndege, msimu wa mvua, weupe wa mchanga na utulivu wa maji. Vipimo hivyo vina maana yake, kwa kuwa Morisi imo katika njia ya vimbunga vya Januari hadi Machi ilhali visiwa vikuu vya Shelisheli viko kaskazini ya njia hiyo, na Maldivi hupata mvua nyingi katika miezi ileile ambayo kusi huvuma katika pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, lipo jambo linalovitenga visiwa hivi kuliko hali ya hewa, nalo ni asili ya faragha ambayo kila kimoja kinaiuza, kwa sababu faragha hiyo ilitengenezwa na watu, kwa amri za serikali, kwa mikataba ya ardhi na mara nyingine kwa mateso makubwa.

Wenyeji wa mwambao hawakuhitaji kuvuka bahari ili wapate fungate. Katika miji kama Lamu, Mombasa na Unguja, fungate ilikuwa siku saba za baada ya harusi ambazo bwana harusi na bibi harusi walizipitisha ndani, aghalabu nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, wakihudumiwa na somo, yaani mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kumfunda binti mambo ya utu uzima na ya ndoa. Chakula kilipikwa na jamaa na kuletwa mlangoni, bibi harusi alisingwa na kufukizwa udi, na bwana harusi hakutarajiwa kwenda kazini wala barazani mpaka siku zake zitimie. Faragha ya namna hii ilikuwa katikati ya watu, kwa kuwa ukuta mmoja tu uliwatenga maharusi na ukoo mzima uliokuwa ukiwalinda, kuwalisha na kungoja habari zao.

Safari ya maharusi ni desturi iliyokuja kutoka kwingine, na mwanzoni haikuwa na uhusiano wowote na visiwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, familia tajiri za Uingereza ziliwapeleka maharusi kuwatembelea ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria harusi, na mara nyingi jamaa au marafiki walifuatana nao njia nzima. Reli na meli za mvuke ziligeuza matembezi hayo ya kifamilia kuwa safari ya watu wawili, ambapo Wamarekani walielekea maporomoko ya Niagara na Wazungu wengi wakaenda Italia. Kisiwa cha nchi za joto kiliingia baadaye kabisa: hoteli ya Royal Hawaiian ilifunguliwa Waikiki mwaka 1927 kwa ajili ya abiria matajiri wa meli za kampuni ya Matson, na ndege za jeti za miaka ya 1960 ndizo zilizoifanya safari kama hiyo iwezekane kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Korea Kusini nayo ilikuwa na kisiwa chake cha Jeju, ambacho kilikuwa kimbilio la maharusi wengi kwa sababu raia hawakuruhusiwa kusafiri nje kwa uhuru hadi mwaka 1989.

Ndoto ya mapenzi ya kisiwani, hata hivyo, ilitangulia hoteli kwa zaidi ya karne moja, na katika Bahari ya Hindi ina mahali pa kuzaliwa panapojulikana. Mwaka 1788 mwandishi Mfaransa Bernardin de Saint-Pierre alichapisha riwaya ya Paul et Virginie, inayosimulia habari za watoto wawili waliokulia pamoja katika bonde moja la Morisi, kisiwa ambacho wakati huo kiliitwa Isle de France, wakapendana, wakatenganishwa, na hatimaye msichana akafa maji meli iliyokuwa ikimrudisha kutoka Ufaransa ilipovunjika mwambani. Ajali yenyewe iliegemezwa kwenye tukio la kweli, yaani kuzama kwa meli ya Saint-Géran mwaka 1744. Riwaya hiyo ilisomwa Ulaya nzima, ikatafsiriwa mara nyingi, na ikawazoesha wasomaji kukiona kisiwa cha joto kuwa mahali ambapo mapenzi hubaki safi kwa kuwa yako mbali na miji.

Mwandishi huyo aliijua vizuri hali halisi ya kisiwa, kwa sababu aliishi huko kuanzia 1768 hadi 1770, na kitabu chake cha safari cha mwaka 1773 kililaani waziwazi namna watumwa walivyotendewa. Morisi haikuwa na wenyeji wa asili, na mabwana wa Kifaransa waliijaza kwa watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na mwambao wa Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na kwa hiyo, katika miaka ambayo riwaya ile ilikuwa ikisubiri kuandikwa, watu wa bara la nyuma ya Kilwa walikuwa wakishushwa Port Louis ili walime kisiwa ambacho Ulaya ingekuja kukililia kwa ajili ya wapenzi wawili wa kubuni. Ukweli huu hauna budi kuandikwa katika historia ya fungate, kwa kuwa jasho la watu hao ndilo lililokifanya kisiwa kiwe bustani.

Alama ya utumwa huo ingaliko. Mlima wa Le Morne, ulio kusini-magharibi na wenye kimo cha mita 556, ulikuwa maficho ya watumwa watoro katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, na masimulizi ya wenyeji yanasema kuwa baada ya utumwa kufutwa mwaka 1835 watoro waliwaona askari wakija kuwapa habari ya uhuru, wakadhani wamekuja kuwakamata, wakajirusha kutoka genge la mlima. Shirika la UNESCO liliuingiza mlima huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na chini yake zimejipanga hoteli za kifahari ambazo picha zake za harusi huutumia mlima kama pazia la nyuma. Ufuo wenyewe ambao juu yake hoteli za Morisi zimejengwa una asili ya kijeshi: mwaka 1807 Gavana Decaen aliweka ukanda wa hatua hamsini za kijiometri, sawa na mita 81 hivi kutoka mstari wa maji kujaa, kuwa mali ya serikali isiyouzika, ili pwani iweze kulindwa dhidi ya maadui. Ukanda huo ulirithiwa na Waingereza na baadaye na taifa huru la Morisi, na kwa kuwa hauuziki hukodishwa, kiasi kwamba amri iliyotungwa kwa ajili ya mizinga ndiyo inayoamua leo ni nani atalala karibu na mawimbi.

Shelisheli ina historia iliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki, na iliyo chungu zaidi kwake. Visiwa hivi, ambavyo navyo havikuwa na wakaaji kabla ya walowezi wa kwanza kufika mwaka 1770, viko takriban maili 1,000 za baharini kutoka Mombasa, na Waingereza waliuona umbali huo kuwa gereza lisilohitaji ukuta. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabarega wa Bunyoro, waliokamatwa mwaka 1899 baada ya vita virefu dhidi ya utawala wa kikoloni, walipelekwa huko. Mwanga alifia uhamishoni mwaka 1903, na Kabarega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akafariki Jinja kabla hajaikanyaga tena Bunyoro. Mfalme Prempeh wa Asante alikaa Mahé tangu 1900 hadi 1924. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Usultani wa Zanzibar kwa siku chache mnamo Agosti 1896 kabla ya manowari za Kiingereza kulipiga jumba lake mizinga, alikamatwa mwaka 1916 Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam, akahamishiwa Shelisheli na Saint Helena, na hatimaye akamalizia maisha yake Mombasa mwaka 1927. Mandhari waliyoiona watu hao, yenye miamba mikubwa ya itale iliyolainishwa na maji na misitu inayoshuka mpaka mchangani, ni ileile ambayo maharusi wanaifuata sasa, na sababu ya kuichagua ni ileile pia, kwamba hakuna atakayewafikia kwa urahisi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shelisheli ilifikiwa kwa meli tu, zikiwemo zile za kampuni ya British India zilizopita kati ya Bombay na Mombasa. Ndege za jeti zilianza kutua Mahé mwaka 1971, na Machi 1972 Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua rasmi uwanja wa ndege. Uhuru ulifuata mwaka 1976, mapinduzi ya France-Albert René mwaka 1977, na Novemba 1981 mamluki wakiongozwa na Mike Hoare walishuka uwanjani hapo wakijifanya watalii, wakiwa wameficha bunduki ndani ya mizigo, wakashindwa na kukimbia kwa ndege ya India waliyoiteka. Tukio hilo liliitikisa biashara ya utalii, lakini uchache wa vyumba na ulinzi mkali wa mazingira, unaoonekana katika kuingizwa kwa Aldabra mwaka 1982 na Vallée de Mai mwaka 1983 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, viliifanya Shelisheli iwe kisiwa cha gharama, na gharama yenyewe ikawa njia ya kuwapunguza watu.

Maldivi ilifuata njia tofauti kabisa, kwa sababu ilikuwa nchi ya watu wengi, ya Kiislamu tangu mwaka 1153, iliyoishi kwa samaki mkavu na kwa kauri, yaani simbi ndogo zilizotumika kama fedha hadi Afrika Magharibi. Ibn Battuta, ambaye alizuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343, akawa kadhi, akaoa huko zaidi ya mke mmoja, na akaandika kuwa mabaharia waliotia nanga walioa kwa urahisi na kutoa talaka walipong'oa nanga. Visiwa hivyo vimeijua ndoa ya wageni kwa karne nyingi, ingawa si kwa sura ambayo matangazo ya leo yangeitaja.

Hoteli ya kwanza ya kitalii, Kurumba, ilifunguliwa Oktoba 1972 katika kisiwa cha Vihamanaafushi, baada ya wakala wa safari wa Kiitaliano, George Corbin, kuwashawishi vijana wachache wa Malé kwamba wageni wangekuja. Kanuni iliyofuata ndiyo iliyoipa Maldivi sura yake: kila hoteli ilipewa kisiwa kizima kisichokaliwa na watu, na pombe pamoja na mavazi ya kuogelea ya kigeni vikaruhusiwa humo tu, ili maisha ya vijijini yasiguswe. Faragha hapa imeumbwa na sheria ya utengano, na bei yake nyingine hulipwa na wafanyakazi wanaume wanaoziacha familia zao kwa miezi ili wahudumie visiwa ambavyo ndugu zao hawana sababu ya kuvikanyaga. Hata vyumba vya juu ya maji, ambavyo vimekuwa kama nembo ya Maldivi, vilibuniwa kwingine, katika kisiwa cha Raiatea cha Polinesia mwaka 1967, na Wamarekani watatu ambao hoteli yao haikuwa na ufukwe wa mchanga. Mwaka 2009 serikali iliruhusu nyumba za wageni katika visiwa vinavyokaliwa, na sehemu kama Maafushi zikaanza kupokea maharusi wa kipato cha kawaida, wanaolala karibu na msikiti na soko na kuogelea katika kipande cha pwani kilichozungushiwa uzio kwa ajili yao.

Zanzibar ilijaribiwa kufanywa kisiwa cha kutenga watu, lakini kwa kipande kidogo tu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikitwaa kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, akajenga gereza ambalo halikupata kutumika kama gereza, bali likawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kobe wakubwa wanaopigwa picha hapo na maharusi walianza kwa zawadi ya mwaka 1919 kutoka kwa Gavana wa Shelisheli. Katika Unguja yenyewe hapakuwa na ufukwe mtupu wa kugawa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa serikali, na milango ilipofunguliwa kwa wawekezaji kwa sheria ya mwaka 1986, hoteli zilikodishiwa viwanja vilivyopakana na vijiji vya Kiwengwa, Paje, Jambiani na Nungwi, ambavyo watu wake walikuwa wakiitumia pwani kila siku.

Kwa hiyo anayeichagua Unguja hana budi kuchagua pia upande. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayarudi mbali yanapokupwa, na mtu anaweza kuogelea takriban saa zote, jambo ambalo limezivuta huko hoteli nyingi kubwa. Upande wa mashariki bahari huenda mbali, na katika bamvua eneo lote mpaka kwenye mwamba hubaki wazi, likawa mahali pa kazi: wanawake hushuka kuhudumia kamba za mwani, kilimo kilichoanza hapo kibiashara mwaka 1989, wengine huchokoa pweza na kuokota chaza, na wengine hufukia makumbi ya nazi mchangani ili yaoze na kusukwa kamba. Baadhi ya wenye hoteli wameulalamikia mwani na vijiti vyake, na wakulima wamelalamikia vyombo vya wageni vinavyokata kamba zao. Katika ugomvi huo madai ya wanawake yana uzito zaidi, kwa kuwa haki ya kijiji cha pwani kushuka majini wakati wa kupwa ni ya zamani kuliko mkataba wa hoteli yoyote, na mikataba mingi ilitiwa saini bila wao kuulizwa.