Basi la Kwenda "Kenya"

Mtu wa Mandera akipanda basi la Nairobi husema anaenda "Kenya". Ukicheka, kumbuka 1962: tume ya Waingereza ilipouliza watu wa Kaskazini Mashariki wanataka nini, wengi walitaka kujiunga na Somalia. Walichopata ni vita vya Shifta na hali ya hatari iliyodumu hadi miaka ya tisini. Serikali kule ilikuja na bunduki kwanza, na polisi, karani na mwalimu aliyeletwa kutoka bara mara nyingi alikuwa Mkristo. Kwa hiyo Ukristo wa Mandera tangu mwanzo ulionekana kama mgeni wa serikali, hata kwa nesi asiye na ubaya na mtu.

Katiba ya 2010 ilisema mambo mazuri. Kifungu cha 8: hakuna dini ya taifa. Cha 32: kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Lakini alfajiri ya 22 Novemba 2014, Al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera na kuwapa abiria mtihani wao: tamka shahada, soma Kurani. Walioshindwa waliuawa. Watu 28, wengi walimu wakienda likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wakaua 36 kwenye machimbo ya mawe ya Koromey, vijana waliokuwa wamelala kwenye mahema, ambao serikali hawakuijua zaidi ya kitambulisho.

Kilichofuata hakizungumzwi sana. Walimu wa bara walikataa kurudi, Januari 2015 wakapiga kambi nje ya ofisi za Tume ya Walimu, Nairobi. Waliobaki bila wa kuwafundisha hesabu na sayansi ni watoto wa Mandera, karibu wote Waislamu. Yaani aliyepiga risasi Mkristo alimfungia shule mtoto wa Mwislamu, na kila mzazi pale alilijua hilo bila kuambiwa na mtu wa NGO.

Ndiyo maana sishangai sana na yaliyotokea 21 Desemba 2015 karibu na El Wak. Basi tena, mtihani uleule. Safari hii abiria Waislamu waligoma kutenganishwa na wenzao. Wanawake waliwapa wale wa bara hijabu wajifunike, na wauaji wakaambiwa waue wote au waache wote. Watu wawili walikufa siku hiyo, lakini karibu wengine wote wakaokoka. Filamu *Watu Wote*, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg, ilifika hadi Oscar 2018. (Sisi wenyewe tulikuwa wapi? Swali la siku nyingine.)

Miongoni mwa waliogoma alikuwa Salah Farah, Mwislamu, naibu mwalimu mkuu. Alipigwa risasi, akalazwa Nairobi, akafariki Januari 2016, wiki zilezile shule zinafunguliwa.